Ushuhuda wa Kasiva

Kanisa zima liliinua mikono juu na kuitikisa hewani. Hivyo ndivyo kiziwi anavyoshangiliwa, na waumini wa Usharika wa Emao, upande wa Uthiru, walikuwa wamefundishwa na Syokimau, dada yake Kasiva. Kasiva alibaki amesimama mbele ya madhabahu, akiwatazama watu mia mbili wakimtabasamia.

Hakuamini macho yake. Alikuwa ametoka tu kuwaambia kwamba Mzee Maxwell, mzee wa kanisa aliyeheshimiwa kuliko wote, alimfungia mara mbili ndani ya sakristia, chumba cha nyuma ya madhabahu, na kumshika kwa nguvu.

Kupamba madhabahu ilikuwa kazi yake Kasiva. Kila Jumamosi alitoka nyumbani kwao Satellite, akapiga pasi vitambaa, akatandika kijani, au zambarau Kwaresima ilipofika. Mara ya kwanza Mzee Maxwell alipoingia, Kasiva alidhani amefuata vitabu vya nyimbo. Mara ya pili Kasiva alimwuma mkono ndipo akapata kuponyoka.

Alikaa na jambo hilo wiki tatu. Hakumwambia hata Syokimau, ambaye alifundisha chekechea ya kanisa, na mwenyekiti wa chekechea hiyo alikuwa Maxwell huyo huyo. Mwishowe aliamua kulisema mbele ya wote, wakati wa ushuhuda. Likishasemwa pale, aliwaza, hakuna atakayeweza kulizima.

Kwa hiyo Syokimau naye alilipata pale pale. Alisimama kando ya dada yake na kipaza sauti, kama kila Jumapili, akiyatamka yale ambayo mikono ya Kasiva ilisema. Mikono ilipotaja jina la mzee, alimeza mate. Akamtazama Kasiva machoni. Kisha midomo yake ikaendelea.

Na sasa watu walikuwa wakishangilia. Mchungaji Musili alishuka akamkumbatia. Mama mmoja wa kwaya alifuta machozi kwa ncha ya leso. Halafu Mzee Maxwell mwenyewe akainuka kwenye benchi la mbele, akaja polepole, akampa mkono mbele ya kanisa zima.

Kasiva aliuacha mkono ule ukiwa umenyooshwa, akatoka nje.

Syokimau alimkuta getini. Alikuwa analia kuliko hata yeye.

"Wamesikia kila kitu," Kasiva alisema kwa mikono. "Wamesikia, na wamefurahi."

"Ni watu wake," Syokimau alijibu. "Achana nao. Twende nyumbani."

Hakurudi tena. Alikuwa amepata kipaimara katika kanisa lile, na mama yao alizikwa kutoka pale. Sasa kila Jumapili alikaa kitandani mpaka saa sita, uso ukutani. Kilichomuuma zaidi hakikuwa Maxwell. Maxwell alikuwa mtu mmoja.

Wiki ya tatu Mchungaji Musili alikuja Satellite kumwona. Alizungumza kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu anayeuliza jambo asilolielewa.

"Anasemaje?" Kasiva aliuliza.

"Anasema umsamehe mzee, yaishe," Syokimau alimtafsiria.

Kasiva aliinuka, akafungua mlango, akasimama kando yake. "Mwambie Pilato alinawa mikono tu. Hakushangilia."

Syokimau akamwambia mchungaji maneno machache, naye akachukua kofia yake, akaondoka akitikisa kichwa.

Siku za kazi Kasiva alishona katika duka la mzee Chunilal, Biashara Street. Aliyemzoea zaidi pale alikuwa Aarti, binti wa mwenye duka. Aarti alijua lugha ya ishara kidogo, na pale alipokwama aliandika kwenye simu. Hakuwa Mkristo, lakini kwa miaka mitano Kasiva alimsimulia habari za kanisa kila Jumatatu: somo la siku, rangi ya madhabahu, watoto waliobatizwa. Mwaka uliopita Aarti alikuwa amekuja Uthiru kumwona akipamba kanisa kwa ajili ya Pasaka.

"Mbona siku hizi huniambii kitu?" Aarti aliandika Jumatatu moja.

Kasiva alizima cherehani. Akachukua simu, akamwandikia yote, bila kuficha chochote. Aarti alisoma, akasoma tena.

"Haiwezekani," aliandika. "Watu wasikie kitu kama hicho halafu washangilie? Wale niliowaona Pasaka?"

Swali hilo lilimchoma Kasiva. Ya nini mtu asiyejua chochote kuwatetea? Usharika uliweka ibada zake mtandaoni kila wiki. Akaitafuta ile ya Jumapili ile, akaisogeza mpaka pale alipojiona amesimama mbele ya madhabahu, akamsukumia Aarti simu kifuani.

"Tazama mwenyewe!"

Aarti alitazama. Uso wake ukakunjamana. Akairudisha nyuma, akaiegemeza simu kwenye sikio, akafunga macho ili asikie vizuri. Alifanya hivyo mara tatu. Kasiva alimsubiri aone mikono ile ikitikiswa, aone tabasamu zile, amwombe radhi.

Lakini Aarti alipofungua macho, hakuwa anatazama video tena. Alikuwa anamtazama yeye. Akatoa simu yake mwenyewe, akaandika taratibu, akifuta na kurudia, kisha akaishikilia kwa mikono miwili mbele ya uso wa Kasiva.

"Pole sana Kasiva. Nimeandika neno kwa neno vile dada yako anasema: 'Naitwa Kasiva. Tangu baba yetu afariki, Mzee Maxwell amekuwa baba kwangu. Leo nataka kumshukuru mbele yenu nyote. Bwana Yesu asifiwe.'"