Fimbo ya Meya

Sheria ya zamu za maji aliitunga Meya Saturnino mwenyewe: mwizi wa maji huchapwa na meya mbele ya kijiji. Mwezi uliopita alimchapa mjane. Leo mama yake mwenyewe amekutwa mferejini, akigeuzia viazi vyake maji ya wengine.

"Msamehe, Meya. Utamchapa aliyekunyonyesha?" wazee wakamsihi.

"Kwani mimi sikunyonyesha?" mjane akauliza.

Fimbo ya umeya, yenye pete za fedha, si ya kuchapia, wala haiwekwi chini. Kila alipochapa mtu kwa mjeledi, mama yake ndiye aliyemshikia.

Saturnino akamnyooshea mjane ile fimbo. "Nishikie."

Mama akavua shali, akaikunja taratibu kama anavyoikunja kanisani.

"Usilegeze mkono, mwanangu. Wanakutazama."