Tairi za Gundi

Jumapili, dakika kumi kabla ya fainali, fundi Bedan alichomoa magurudumu ya baiskeli ya Waruguru na kuanza kufunga mengine.

"Fundi, unafanya nini? Hayo si ndiyo yangu?"

"Kuna mafuta kwenye kona ya pili, nimeyaona. Tairi za gundi zitakuangusha. Leo panda hizi za tyubu."

Uongo mtupu. Uwanja wa saruji wa Thika ulikuwa umefagiliwa ukatakata. Na mwezi mzima Bedan mwenyewe ndiye aliyemhubiria msichana huyu kwamba kwa mbio za mzunguko hakuna kama tairi za gundi, zile zinazobandikwa moja kwa moja kwenye rimu. Nyepesi, alisema, na zinakimbia zenyewe.

Ila gundi hiyo hupakwa mara tatu, na kila mara inaachwa siku nzima ikauke. Jumatatu Bedan alipaka mara moja, akabandika, akafunga karakana yake ya Mwiki na kwenda Witeithie kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya mpwa wake. Huko nyama zilikuwa nyingi, akakaa siku mbili. Alhamisi alimkabidhi Waruguru magurudumu.

"Umepaka zote tatu?"

"Wewe msichana, unaniuliza mimi hivyo?"

Sasa, akimtazama anavyojinyoosha, alijiona muuaji. Tairi ikibanduka kwenye kona kwa kasi ile, ni kuvunjika shingo. Afadhali ashindwe. Angeweza kusema ukweli, lakini watu walikuwa wengi na jina lake lilikuwa kubwa.

Waruguru alimtazama usoni kidogo. "Sawa, Fundi. Wewe ndiye unajua."

Alishindwa kwa nusu gurudumu. Nafasi ya timu ya taifa ilikuwa moja tu, na mwingine akaichukua. Waruguru aliketi kwenye saruji akalia bila kujificha.

Bedan hakuthubutu kumkaribia. Alibeba yale magurudumu ya gundi hadi nyuma ya jukwaa. Angalau aone tairi ikibanduka, ajue amemwokoa, roho itulie. Akavuta kwa vidole. Haikuja. Akavuta kwa mikono miwili, akakanyaga rimu kwa kiatu, akatoa bisibisi. Haikutikisika hata kidogo.

"Wacha tu, Fundi. Hiyo haitoki."

Waruguru alikuwa amesimama nyuma yake, macho mekundu.

"Nilipofika nyumbani Kiuu niliijaribu kwa kidole, ikabanduka. Nikapaka hizo mara mbili zilizobaki. Sikusema, sikutaka kukuaibisha."

Bedan alishindwa kuinua uso. "Sasa mbona ulikubali nikubadilishie?"

"Ulikuwa unatetemeka, Fundi. Nikadhani leo unasema ukweli."