Rufaa ya Kakakuona

Zamani wanyama walipokuwa na mahakama yao, Kakakuona mpole alihukumiwa kufukuzwa mwituni kwa kula mayai ya Kanga. Shahidi alikuwa mmoja tu, Kunguru mropokaji, na Hakimu Fisi, mwenye pupa, alimwamini papo hapo.

Kakakuona akakata rufaa kwa Jaji Tembo. Alipoitwa tu, akaanza kulia. "Mheshimiwa, naapa sikula!"

"Hilo sikukuuliza," Tembo akamkatiza. "Mimi napima ushahidi uliotolewa mahakama ya chini." Akazisoma kumbukumbu za kesi mpaka mwisho. "Kunguru alikuona ukipita karibu na kiota. Hakuna aliyekuona ukila. Ushahidi hautoshi. Nenda zako."

Kakakuona akaduwaa. "Kwa hiyo mheshimiwa amesema sikula?"

"Sikusema hivyo. Nimesema haikuthibitishwa kwamba ulikula."

Kakakuona akatoka nje huru, asijue acheke au alie. Mlangoni alisimama Kanga, macho mekundu.

"Kaka, kama si wewe, nani kala mayai yangu?"

"Hata sijui, dada. Nimeshinda, wala sielewi nimeshinda nini."

Basi wakaongozana wawili hao kwenda kukikagua kile kiota, jambo ambalo mpaka siku hiyo hakuna hakimu aliyelifanya.