Ugomvi Unauza

Siku hizi hakuna anayenunua hata kitumbua kabla hajaona muuzaji anavyoishi kwake. Kwa hiyo simu ya biashara ya Chausiku, muuza vitumbua, ilining'inia jikoni, ikirusha kila kitu mubashara na kumpa ushauri.

"Ugomvi wa jana umevuta wateja. Leo mchokoze tena mumeo," simu ikamwambia.

"Mwana kulaaniwa we!" Chausiku akafoka, akaifunika kwa kanga.

Wiki nzima yeye na mumewe Kibwana wakaishi kama maharusi. Vitumbua vikadoda, wakavila wenyewe hadi wakavikinai.

Ijumaa Kibwana akaivuta ile kanga. "Mke wangu," akauliza kwa upole, "nimtukane mama yako, au utanianza wewe?"

Chausiku akamrushia mwiko kwa hasira ya kweli. Haujagusa sakafu, oda zikaanza kumiminika.