Gunia la Tatu

"Mama Tukinem, unamwoza nani?" jirani aliuliza siku ile gunia la tatu la mchele liliposhushwa mlangoni.

Jirani mwenyewe alikuwa mgeni pale Sepaku, mke wa mhandisi, ameletwa na kuhamishwa kwa mji mkuu kutoka Jakarta. Mama Tukinem alitabasamu tu. Swali likatembea. Wiki haikuisha, karani wa mchele wa msaada akabisha hodi, fomu mkononi.

Mama Tukinem, mjane, alijua karani amefuata nini. Kilo kumi za msaada za kila mwezi ndizo zilizokuwa zikimweka hai.

"Kabla mji mkuu haujahamia huku, mlikula mchele kiasi gani?"

"Kilo ishirini kwa mwezi. Mimi na wanangu wawili."

"Na sasa?"

Alitaka kupunguza. Lakini adhana ya adhuhuri ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha, ulimi ukakataa kusema uongo. "Magunia matatu, miezi mitatu."

Karani akapiga mbinja. "Wanao walipata kazi?"

"Ya barabara mpya, wote wawili. Kupakia kokoto."

"Ndiyo maana! Kazi ngumu, tumbo nalo linadai."

Macho yake yakatua kwenye sufuria kubwa la msikiti, kisha kwenye vikasha vya karatasi vilivyopangwa hadi dirishani. "Kumbe unawauzia vibarua chakula!"

"Siuzi, mwanangu. Watu wanakula bure."

"Bure! Tajiri wewe. Na lile shamba la muhogo?"

"Nimeliuza juzi."

"Umefanya la maana, bei ya ardhi imepanda." Akachungulia jikoni. Kipande kimoja cha muhogo kilikuwa kikichemka kwa maji na chumvi. "Mchele wote huu, unakula muhogo mtupu? Ubahili huo, mama!"

Akacheka, akalikata jina la Mama Tukinem kwa mstari. "Usihuzunike. Mji mkuu umekufungulia riziki. Waachie maskini."

Mama Tukinem aliutazama ule mstari.

"Tumalizie, fomu inataka tarehe. Gunia la kwanza ulilipika lini?"

"Hitima ya siku ya saba ya wanangu."

Kalamu ikasimama. "La pili?"

"Arobaini yao." Akaweka kiganja juu ya gunia la tatu. "Hili la kesho. Wanatimiza siku mia."

Karani aliinuka, akaikunja fomu na mstari wake vilevile, akaitia mfukoni, akatoka.