Tepe za Jumamosi

Nguo zote zilikuwa zimekwisha loweshwa, ikabaki suruali ya kazi ya mumewe. Akaipekua mifuko kwanza. Kwa kawaida hutoka skrubu na vipande vya waya. Safari hii ulitoka utepe wa nywele wa rangi ya waridi, umefumwa kwa uzi.

Nyumba ile ilikuwa ya watu wawili tu, kwa miaka tisa sasa. Na ule utepe haukuwa wake.

Alikaa kwenye ukingo wa karo, maji yakimchuruzika viwikoni. Amesalitiwa. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Mumewe aliporudi, aliukuta utepe mezani kando ya sahani yake.

Mume, fundi wa friji, aliutazama utepe, akautazama mlango, kisha akacheka kidogo kwa aibu. Akasema basi, amegundulika. Zile Jumamosi mchana alizokuwa akidai kaitwa kazi ya dharura, alikuwa anajifunza kufuma, kwenye darasa lililo ghorofani juu ya duka la madaftari. Alitaka kumfumia mkewe tepe, maana nywele humwangukia usoni kazini kila akiinama kuandika kadi za wagonjwa.

"Ningekuambia nikishajua vizuri," alisema. "Sasa umeniharibia."

Akafungua sanduku lake la vifaa, na katikati ya spana na koleo akatoa sindano ya kufumia, ile yenye ndoano, ingali ndani ya nailoni yake.

Mke alilia. Aibu ilimshika kweli kweli: mtu anahangaika na uzi kwa ajili yako, wewe unamtungia hawara. Alimwomba radhi mara mbili, na Jumatatu akauvaa ule utepe kazini, kwenye kliniki ya meno alikokuwa mpokezi.

Utepe wenyewe ulikuwa kituko. Ulianzia mpana ukaishia mwembamba, na ulimbana hadi ukamwachia alama kwenye paji. Shoga yake, msafishaji wa kliniki, aliuvuta ncha akauchunguza.

"Mumeo mwenye vidole kama ndizi ndiye kafuma hiki?"

Mpokezi alimjibu kwamba ungekuwa umenyooka asingeamini. Cha dukani hakikosewi. Kilichokosewa ndicho kilichotoka mkononi mwa mtu.

Tangu hapo kila Jumamosi ukaja utepe mwingine. Wa bluu, wa njano, wa kijani kilichokolea. Siku moja ikaja mipira ya nywele iliyozungushiwa uzi, miwili, yote imelegea. Tepe zote zilikuwa na kosa lilelile, nazo zote zilimbana, na wagonjwa wakazoea kumwona na kichwa kilichofungwa upande. Yeye hakujali. Kwa muda mrefu hakuwa amependwa waziwazi namna hiyo.

Mumewe alikuwa akirudi kutoka darasani na makombo ya biskuti kwenye magoti, mke akawa anamtania kwamba huko haendi kusoma, anaenda kula. Naye alicheka, akasema mwalimu ana mkono wazi. Nyumbani hakuwahi kufuma hata mstari mmoja. Alisema vidole humkakamaa baada ya siku nzima ya kazi, na kosa likitokea mwalimu hayupo, nani atamrekebisha?

Basi mke naye akanunua sindano yake, kimyakimya. Saa ya chakula alijificha nyuma ya kaunta, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la kalamu, akiwafuatisha wafumaji wa video. Siku tatu alifuma mafundo matupu. Siku ya tano akapata mnyororo. Siku ya tisa akapata utepe, na alipouinua akaona umeanzia mpana na kuishia mwembamba.

Aliufumua mstari kwa mstari mpaka akalijua kosa: kila alipofika mwisho alikiruka kitanzi cha mwisho, kwa hiyo kila mstari ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia. Alicheka peke yake nyuma ya kaunta. Yeye na mumewe walikuwa wakikosea mahali pamoja. Akaamua hapohapo kwamba atajiunga na darasa lile, Jumamosi akae kiti cha kando yake, amwone atakavyoshtuka.

Jumatano aliomba ruhusa akapanda ghorofani juu ya duka la madaftari. Chumba kilikuwa na viti kumi na viwili na benchi moja mlangoni. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikuwa anakunja uzi. Kabla hata ya salamu kwisha, macho yake yalitua kwenye utepe wa mgeni.

"Huu umetoka humu," alisema, akiushika ncha. "Kosa hili nalijua. Kila Jumamosi naimba, hesabu kitanzi cha mwisho, hesabu kitanzi cha mwisho."

Mpokezi alicheka kwa fahari. Akamweleza kwamba kafumiwa na mwanafunzi wake mwenyewe, yule fundi wa friji, na kwamba naye anataka kujiandikisha akae karibu naye, ila tafadhali asiambiwe.

Mwalimu alivaa miwani, akamtazama vizuri, kisha akatabasamu.

"Fundi hafumi, mdogo wangu. Yeye hukaa pale kwenye benchi anambembeleza mtoto mpaka mkewe amalize. Zile tepe zinazomharibikia mkewe ndizo anazoziomba, anasema ana dada yake wa kumpelekea." Akafungua daftari, akatafuta nafasi kwa ncha ya kalamu. "Kumbe ndiwe. Basi nitakuweka hapa, karibu na wifi yako."