Sefti ya Mzee Sefania

"Imegoma tena," alisema Mzee Sefania, akaishusha bunduki. Nyani wakamaliza mstari mzima wa mahindi, wakapanda mlima polepole, mahindi mengine kwapani.

Wanakijiji walikuwa wamechoka hata kulalamika. Bunduki yenye kibali ilikuwa hiyo moja tu, nayo ya risasi moja: ukikosa, nyani wameshakwenda. Tangu masika ilikuwa haijalia. Mzee alisema ubovu uko kwenye sefti, kile kifungo kinachozuia risasi isitoke kabla mtu hajataka. Haifunguki, alisema. Fundi wa Tanga aliifungua yote, akaweka springi mpya, akaapa kwamba sasa hata mtoto angeiweza. Shambani ikagoma vilevile.

Maneno yakaanza. Wengine walisema mzee amekuwa mwoga. Wengine, waliochoka kununua unga ilhali mashamba wanayo, walisema mabaya zaidi. Na huo ukali wake wa siku hizi haukumsaidia: kila aliyekuja shambani ilibidi atoe shikamoo kwa sauti kubwa tangu ukingoni, la sivyo alifokewa mpaka akome. Heshima gani hiyo ya kupigiwa kelele, vijana walinung'unika, lakini waliitoa.

Glory, mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyebebeshwa mzigo wa kumwambia. Ulimwelemea kweli, maana mzee alikuwa rafiki wa marehemu baba yake. Alimweleza kwamba ikigoma mara moja zaidi, bunduki itarudishwa polisi na kijiji kitatafuta mlinzi mwingine. 

"Mwanangu, nimelinda mashamba haya tangu hujazaliwa," mzee alisema. "Mkininyang'anya kazi hii, nitakaa nyumbani nikifanya nini?"

Glory alisema tu kwamba atakuja kujionea mwenyewe.

Asubuhi aliyokuja, ukungu ulikuwa umeshaondoka na jua limewaka mpaka kule chini Mazinde. Waliketi juu ya tuta, wakangoja mpaka kungoja kwenyewe kukawachosha. Mara migomba iliyokuwa mbele yao ikatikisika. Mzee akainua bunduki. Mikono yake ilikuwa imara kabisa, haitetemeki hata kidogo.

Glory hakutazama migomba. Alikitazama kidole gumba cha mzee, maana hilo ndilo lililomleta. Kidole kilikuwa kimetulia mbali na sefti, wala hakikujaribu kuisogelea.

Moyo ukamuuma. Kumbe wasemayo watu ni kweli, aliwaza. Mzee wa watu anaogopa. Akaanza kutafuta maneno ya kumweleza bila kumvunjia heshima.

"Imegoma," mzee alisema, jasho likimtoka.

"Baba, hujaigusa."

"Imegoma, nimekwambia. Na dume lenyewe kubwa hivyo, limesimama pale linatutazama tu. Si unaliona?"

Glory akageuza uso. Kwenye migomba alikuwa amesimama Jenoveva, mke wa mzee, na chupa ya chai mkononi.